Mipasuko Ishirini na Mmoja katika Mkono wa Tima

Mkomani, Lamu
14 Machi 1955

Kwako Bi Hadia, mshauri wetu wa gazetini,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, nakuomba unisaidie, kwa kuwa hapa Lamu kila ninayemuuliza hunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Mimi ni fundi seremala, natengeneza milango na vitanda, umri wangu miaka thelathini na minane, sinywi, sichezi karata, na kazi yangu ni kazi ya kupima, nayasema haya mapema ili ujue kwamba nitakayokueleza nimeyahesabu kwa macho yangu mwenyewe na wala si maneno ya kusikia.

Nina mtoto mmoja wa kike, Tima, wa miaka saba, ambaye mama yake alifariki alipokuwa na miaka mitatu, Mungu amrehemu, na mwaka juzi nikamuoa Radhiya, binti wa watu wa Kipungani, msuka mikeka, mwanamke mtaratibu asiye na sauti kubwa, na Tima akamzoea upesi, hata mkwe wangu Bi Swafiya, yaani mama wa marehemu mke wangu, ambaye nyumba yake na yangu zimegawana ukuta, akasema si bure, mtoto hamzoei mama wa kambo hivi hivi ila kuna kitu alicholishwa. Nikalinyamazia neno hilo kwa kuujua uchungu wa mzazi.

Basi mwisho wa Januari, siku ya Jumanne baada ya alasiri, nikiwa kazini nikaitwa kwamba Tima kaanguka, nikaenda mbio nikamkuta kwenye mapaja ya Radhiya, mkono wake wa kulia umepinda juu kidogo ya kifundo, haukutoka damu, haukutokeza mfupa, umepinda tu kama ubao ulioachwa juani, mtoto analia na Radhiya naye analia, akaniambia ameanguka kutoka kitandani. Kitanda chenyewe ni kile kirefu cha kizamani, cha msaji, nimekitengeneza mwenyewe, na hupandwa kwa kibao, na siku ile kibao hakikuwapo kwa kuwa nilikichukua asubuhi kwenda kukitia mguu mpya, kwa hiyo mtoto alipotaka kushuka akaruka. Ndivyo alivyosema Radhiya, na Tima naye akasema, "Mimi nilianguka tini, baba, nilikuwa nacheza," lakini Bi Swafiya alipofika akasema mtoto husema anachofundishwa.

Tulimwita Bwana Madi wa Matondoni, yule muungaji mifupa, akaushika mkono, akaupapasa, akasema, "Huu haukukatika. Mifupa ya watoto ni mibichi, umepinda ukachanika upande mmoja, upande wa pili umeshika." Akaunyoosha, akaufunga banzi, na baada ya wiki tatu akazifungua akasema kazi yake imekwisha. Nikashangaa, maana mimi mwenyewe nilivunjika mguu nikiwa mtu mzima nikalala miezi minne. Lakini pale mahali pakabaki mnundu, na mkono ukabaki na kipindo kidogo, nimekipima kwa rula, kinaacha nafasi ya kupitisha kidole. Bi Swafiya akasema mkono wa mjukuu wake umekuwa mundu, na kwamba Madi ni rafiki wa watu wa Kipungani, akanitaka nimpeleke mtoto Mombasa akapigwe picha ya mifupa.

Nikampeleka. Hospitali sitaitaja. Daktari Mzungu aliitazama picha akasema maneno machache kwa Kiingereza akaenda zake, na dresa, msaidizi wake, kijana wa bara mwenye adabu, akanifasiria, na maneno yake nimeyaandika siku ile ile ili nisije nikaongeza wala kupunguza. Alisema, "Mzee, mifupa ya huyu mtoto bado haijaungana, lakini usiwe na wasiwasi, hii ni kawaida." Nikamuuliza, "Ni kawaida?" Akasema, "Kawaida kabisa." Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Tangu alipozaliwa." Nikauliza, "Na itaendelea?" Akasema, "Itaendelea mpaka awe mkubwa wa kuolewa." Nikamuuliza kama hapana namna ya kuizuia, naye akacheka, Bi Hadia, akacheka, akaniambia, "Uizuie ya nini?" Niliona ajabu kwa mtu wa hospitali kulichekea jambo kama hilo.

Akaniazima ile picha nikawaonyeshe watu wangu kwa ahadi ya kuirudisha. Pale nje palikuwa na mzee mmoja wa Faza, Mzee Athman, ameanguka na kuumia mkono, naye ana picha yake, tukaziweka pamoja kwenye kioo cha dirisha tukazilinganisha. Ya mzee ina ufa mmoja tu, na mifupa mingine yote imeingiana vizuri, kama ulimi wa ubao ulioingia tundu lake hasa. Ya Tima, Bi Hadia, haikuwa hivyo. Kila kidole, kila pingili, hata mifupa ya kiganja, ncha imeachana na mfupa wake, katikati peusi, hapana kitu. Na mifupa miwili ya kigasha, baina ya kiwiko na kifundo, nayo ncha zake zimekatika. Nimehesabu mara tatu, mipasuko ishirini na mmoja, na hapo sikutia pale palipopinda, kwa kuwa pale panajulikana. Tena vile vifupa vidogo vya kwenye kifundo, mzee anavyo vinane, mtoto anavyo saba. Kimoja hakipo.

Niliporudi Lamu niliitundika ile picha kwenye dirisha la barazani watu waione, kila mtu akahesabu, na wote walipata ishirini na mmoja isipokuwa Bwana Fadhil aliyepata kumi na tisa, lakini yeye ana mtoto wa jicho. Bi Swafiya aliposikia neno la dresa akajipiga kifua, akasema, "Mwanangu, huna mato? Amekwambia ni kawaida! Hiyo ndiyo kawaida ya huyo mke wako, kila siku humbana mwana vidole kwenye mlango. Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi palinitatiza kidogo pale dresa aliposema tangu alipozaliwa, kwa kuwa Radhiya nimemuoa mwaka juzi tu, lakini Bi Swafiya akasema dresa ni mgeni, hajui tarehe za watu.

Nikamwambia Radhiya. Sikumpiga wala sikupaza sauti, nilimwekea ile picha mbele yake nikamwonyesha mmoja mmoja, mpaka ishirini na mmoja. Akanyamaza muda. Kisha akaniuliza, "Na Tima mwenyewe amesema nini?" Nikamjibu kwamba mtoto husema anachofundishwa. Hakujitetea, na hilo pia Bi Swafiya amelitia katika hesabu. Akampaka Tima mafuta ya nazi mkononi kama afanyavyo kila siku, akavaa buibui lake, akaenda kwao Kipungani.

Sasa ni siku kumi na moja. Nimeandika karatasi ya talaka, talaka moja, sijaitamka wala sijampa mtu, iko chini ya mto wangu na usingizi siupati. Baba yake ametuma neno kwamba Ijumaa tarehe 25, baada ya swala, atakuja na wazee wawili kusikia kosa la binti yake ni lipi. Nampenda Radhiya, naona haya kuliandika neno hili gazetini, nyumba imekuwa baridi, chai inapikwa na Bi Swafiya na haina hiliki, lakini mtoto ni damu yangu na hana mama, na nitakuwa baba gani nikimrudisha ndani ya nyumba mtu aliyemvunja mara ishirini na moja?

Nina maswali mawili. La kwanza, karatasi niitoe mbele ya baba yake na wazee, au niipeleke kabla ili nisimwaibishe mbele za watu? La pili, kile kifupa cha nane, kama wajua huwa kinakwenda wapi, nikakiulizie wapi?

Mengine ya kukueleza ni kwamba mtoto anakula vizuri na anacheza mdako, ule wa kudaka vijiwe, kwa mkono ule ule, na huwashinda wenzake wote wa mtaani, nadhani ni ule uvumilivu wa yatima. Na ile kanzu niliyomshonea Idi iliyopita ilimfika miguuni, sasa inaishia juu ya vifundo, Bi Swafiya asema Radhiya alikuwa akiifua kwa maji ya moto makusudi ipungue.

Nisamehe kwa kurefusha. Ni mimi,
Fundi Jeilani

MAJIBU YA BI HADIA

Bwana Jeilani,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinifika Alhamisi asubuhi, na kabla sijamaliza ukurasa wa tatu nilivaa buibui nikaenda posta nikakupelekea simu ya maandishi: USITOE KARATASI NGOJA GAZETI. Karani wa posta aliniuliza karatasi gani, nikamwambia si yake. Natumai imekufika. Jina la baba yako, uliloliandika kamili chini ya barua, nimelikata, kwa heshima yake.

Pole kwa mtoto kuumia. Hiyo pole nimeitoa na iko mikononi mwako, usingoje nyingine, kwa kuwa yaliyobaki ni lawama.

Mimi si daktari, kwa hiyo niliichukua barua yako nikaenda nayo kwa daktari mmoja ninayemjua hapa Mombasa, mtu wa makamo, mwenye subira. Nikamsomea. Nilipofika kwenye ishirini na mmoja akaniambia nisome tena, akahesabu kwa vidole vyake mwenyewe, kisha akasema, "Huyu bwana amehesabu sawasawa." Nakufikishia sifa hiyo. Kisha akafungua kabati akanitolea picha za mikono ya watoto sita, mmoja wao bintiye mwenyewe, akaziweka kwenye mwanga. Wote wamepasuka, Bwana Jeilani. Hakuna mzima hata mmoja, na mama zao wote wako majumbani mwao wanapika.

Sasa sikiliza, na usihesabu kitu mpaka nimalize. Mfupa wa mtoto hauzaliwi mfupa mtupu. Sehemu kubwa huanza ikiwa gegedu, kitu kile kilicho ndani ya sikio lako na kwenye ncha ya pua yako. Lishike sikio ulikunje, litarudi lenyewe. Basi gegedu hilo hugeuka mfupa pole pole, mwaka baada ya mwaka. Katikati hutangulia kuwa mgumu, ncha nazo huwa na mfupa wake mdogo wa peke yake, na baina ya ncha na katikati hubaki ukanda wa gegedu. Hapo kwenye ukanda ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Picha ya hospitali haioni gegedu, huona mfupa tu, kwa hiyo pale penye ukanda wewe uliona peusi ukasema hapana kitu. Pana kitu, tena ndicho kinachomfanya Tima asibaki na kimo cha miaka saba mpaka uzeeni.

Msichana akifika miaka kumi na minne, kumi na mitano, au kuzidi kidogo, na mvulana baadaye, zile kanda hugeuka mfupa, ncha huungana na mwenzake, na mtu harefuki tena hata akinyweshwa maziwa ya ngamia. Hiyo ndiyo "haijaungana" uliyoambiwa. Mzee Athman wa Faza ameungana tangu zamani, kwa hiyo mkono wake ulionyesha ufa alioupata siku ile na basi. Wewe ulichukua mkono wa mzee ukaufanya kipimo cha mkono wa mtoto. Mlango wa msikiti huupimi kwa mlango wa kabati, na hilo sina haja ya kumfundisha fundi.

Kifupa cha nane hakijapotea, hakijaibwa, hakiko hospitali. Kiko pale pale kwenye kifundo, bado ni gegedu. Tima akifika miaka tisa au kumi kitaonekana kwenye picha. Usimuulizie mtu.

Na ile kanzu ya Idi haikupungua. Ni mwenye kanzu aliyeongezeka, na ameongezeka kwenye goti na nyonga na kifundo cha mguu, mahali penye kanda kama zile ulizozihesabu. Ukimpiga picha mwili mzima utahesabu mpaka Ramadhani.

Tena nitakuuliza jambo. Tima alipozaliwa ulimbeba? Uliweka kiganja chako juu ya utosi wake ukausikia ukipwita, laini, hauna mfupa? Kila mzazi wa Lamu ameushika utosi, akaupaka mafuta, akangoja ukakamae. Sijapata kusikia mwanamume akatoka na mtoto mchanga mpaka barazani akasema, tazameni, mke wangu amempasua kichwa. Kwa nini? Kwa sababu utosi mnaujua. Basi mkono nao una tosi zake, ndogo ndogo, ndani, msizoziona. Umeziona kwa mara ya kwanza maishani ukamfukuza mke.

Tuje kwenye mkono wenyewe. Bwana Madi wa Matondoni alikwambia kweli tupu, tena siku ya kwanza. Mfupa wa mtoto una unyevu mwingi na chokaa kidogo kuliko wa mtu mzima, na ngozi ya mfupa, ile inayoufunika kwa nje, ni nene kwake. Kwa hiyo hupinda, au huchanika upande mmoja upande wa pili ukashika, kama alivyosema. Wewe ni seremala. Chukua kijiti kibichi cha mkoko ukipinde, kisha chukua kikavu ukipinde, utaisikia tofauti kwa masikio. Ile ngozi nene ndiyo pia inayomponyesha mtoto upesi, ndiyo maana yeye wiki tatu na wewe miezi minne. Na ule mnundu ni mfupa mpya uliojijenga pale palipochanika, wala si uchafu wala si kosa la Madi. Watu husema samaki mkunje angali mbichi, wakadhani wanasema juu ya adabu peke yake.

Na kuhusu nani aliyemwangusha. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba kibao cha kupandia ulikichukua wewe. Kitanda kirefu, kibao hakipo, mtoto wa miaka saba juu yake. Tukitafuta mkosaji kwa namna unavyotafuta wewe, hatuna haja ya kufika Kipungani. Lakini mimi sitafuti. Mtoto aliruka, watoto huruka, na aliposema alianguka alikuwa anasema alianguka. Mtoto anayebanwa vidole mlangoni kila siku hawashindi wenzake mdako, Bwana Jeilani! Mdako unachezwa kwa vidole! Uvumilivu wa yatima, wallahi nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Sasa neno "kawaida." Nimelisoma mara nyingi kuliko ulivyohesabu mipasuko. Yule kijana wa bara alikuwa anakwambia kwamba watoto wote wa ulimwengu wako hivyo, ndivyo walivyoumbwa, nenda nyumbani ukalale. Wewe ukasikia mazoea ya mtu. Ukamuuliza tangu lini, akasema tangu alipozaliwa, na hapo akili yako iliamka, umesema mwenyewe palikutatiza. Ilikuwa akili yako inabisha hodi. Hukuifungulia, ukaenda kumfungulia Bi Swafiya. Na yule kijana kucheka kwake ni haki yake. Mtu anauliza atamzuiaje mwanawe kukua, asicheke?

Bi Swafiya usimgombeze, na sitaki kusikia umemvunjia heshima kwa kisingizio changu. Yule ana msiba. Amemzika binti yake, na kila akisikia kupitia ukutani Tima anacheka na Radhiya huona binti yake anasahauliwa mara ya pili. Hilo linauma, naye hajui pa kulipeleka. Mpangie siku zake na mjukuu, alale kwake Alhamisi, amsimulie habari za mama yake. Lakini mambo ya ndoa yako asiyatie mkono, na wa kumwambia hivyo ni wewe, si mkeo. Chai uipike mwenyewe.

Sasa utafanya hivi. Gazeti litafika Lamu Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, chukua ile karatasi nenda nayo kwa kadhi umweleze ulivyoiandika na ulivyokusudia. Kama inahesabika au haihesabiki mimi siwezi kusema, si kazi yangu, na usiichane kwa hasira ukadhani imekwisha. Ikiwa haihesabiki, mshukuru Mungu. Ikiwa inahesabika ni moja tu, na eda bado ina siku nyingi, kadhi atakuonyesha njia ya kumrejea. Ila mke aliyerejewa kwa maneno ya sheria peke yake hurudi kama mpangaji, na wewe unataka mke.

Kisha nenda barazani. Picha uliitundika mbele ya watu, na kosa lako ulitaje mbele ya watu hao hao, Bwana Fadhil akiwapo. Huna haja ya kuhutubia. Sema, "Nilikosea, mifupa ya watoto wote iko hivyo, mke wangu hana kosa." Watacheka, wavumilie. Picha irudishe hospitali kama ulivyoahidi.

Usimngoje baba yake Radhiya Ijumaa. Mzee wa watu asifunge safari kuja kuuliza kosa la binti yake wakati kosa lenyewe halipo. Wewe ndiye wa kwenda, Alhamisi hiyo hiyo, umpande punda na Tima mbele yako, mwende Kipungani. Ukifika usianze na habari za gegedu. Anza na "nisamehe." Akinyamaza, kaa. Alinyamaza ulipomhesabia, na ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kusikiliza ule unyamavu ukaupoteza.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini kuna jambo ambalo nimejishauri siku mbili kama nilitie, na nimeona nilitie.

Barua yako haikuja peke yake. Siku tatu kabla yake nilipata nyingine, fupi, ya upande mmoja wa karatasi, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na mama yake. Haina jina, ina neno Kipungani tu na tarehe. Niliiweka kando, maana sikuielewa vizuri mpaka niliposoma yako. Mwandishi ni mwanamke. Hakusema ameonewa. Hakumtaja mume, hakutaja talaka, hakuuliza juu ya nafsi yake hata neno moja. Ameandika hivi: "Nina mtoto wa miaka saba niliyemlea, mkono wake umepona lakini umebaki na kipindo. Nilikuwa nikimpaka mafuta kila siku na sasa siko karibu naye. Naomba uniulizie kwa wanaojua. Je, mkono wa mwanangu utanyooka?"

Nimeirudia barua yako, Bwana Jeilani, kurasa zote nne, na yale maswali yako mawili. Umeuliza karatasi uitoe lini. Umeuliza kifupa kimekwenda wapi. Hukuuliza kama utanyooka.

Daktari amesema utanyooka. Kwa umri wake, na kwa pale ulipopinda, karibu na ule ukanda unaokua, mfupa utajinyoosha wenyewe kidogo kidogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili rula yako haitapata pa kupitisha kidole. Yule mwanamke wa Kipungani sijamjibu. Jibu lake umelishika wewe mkononi sasa hivi, kampelekee.